Maji ya tumbaku hayatakuokolea shu lako

Wanaolima shu (kabeji) na nyanya upande wa Kabare na Kavumu hunisimamisha sokoni Kadutu, mjini Bukavu, wakitaka dawa ya vidukari ya kujitengenezea nyumbani. Kila mmoja ana mchanganyiko wake wa majani makali kama ya tumbaku. Mimi nawaambia: wadudu wanaofyonza utomvu wanaishi na sumu za mimea tangu zamani sana, na wanajua kuzizima.

Tazama sombe, yaani majani ya muhogo. Jani bichi lina linamarini, kitu kinachoweza kutoa sumu ya sianidi. Mama akilitwanga, chembe zinapasuka, kimeng'enya (kitu cha jani lenyewe chenye kazi ya kukata linamarini) kinakutana nayo na sianidi inatoka. Kwenye moto inapotea na mvuke. Nzi weupe wanakula jani hilo hilo likiwa bichi! Mdomo wao ni sindano inayopita baina ya chembe bila kuzivunja hovyo, mpaka ifike kwenye mshipa wa utomvu. Linamarini inayoingia tumboni wanaiongezea sukari, kimeng'enya kisiweze kuikata. Mwaka 2021 watafiti wa China walionyesha kwamba nzi mweupe huyu, Bemisia tabaci, ana jeni iliyotoka kwenye mmea, na kwa hiyo jeni anazima baadhi ya sumu za nyanya. Wizi wa namna hiyo sijapata kuusikia kwingine.

Tumbaku je? Kidukari wa kijani, Myzus persicae, ana jamii zilizozoea tumbaku, zenye kimeng'enya kingi cha kuvunja nikotini. Wewe unayechanganya kwa mikono mitupu huna kinga hiyo, na nikotini inapita kwenye ngozi.

Kidukari yule wa kijivu anayejazana katikati ya shu, kama aliyepakwa unga, hasumbuki hata kuivunja sumu ya shu: anaiweka mwilini pamoja na kimeng'enya chake mwenyewe. Mdudu mwingine akimtafuna, ukali wa haradali unatoka.

Ndiyo maana kwenye bustani yangu natumia sabuni. Inalowesha mwili wa mdudu, inaharibu nta ya ngozi na kuziba matundu ya pumzi, kwa hiyo ujuzi wote ule wa tumboni haumsaidii kitu. Vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji isiyo na blichi, kwa lita moja. Jaribu kwanza kwenye mche mmoja, uone kesho yake kama majani yameungua. Pulizia jioni, na ugeuze majani, maana wako chini. Wale wa kijivu waoshe kwanza kwa maji ya nguvu, kwani unga wao unasukuma matone. Sabuni ikishakauka haiui tena, basi rudi baada ya siku chache kwa waliobaki.

Shamba la muhogo ni habari nyingine. Huko sabuni ni hasara tupu, nzi weupe wanaruka na kurudi. Kata vijiti vya kupanda kwenye mashina yasiyo na majani ya manjano yaliyojikunja, na mche ukianza kuonyesha batobato, ugonjwa wa majani unaoenezwa na nzi hao, ung'oe ungali mdogo.