Uliza Kwanza Chakula ni Nini: Ushauri wa Kuonja Wiski, Bia na Mvinyo Nairobi

Matangazo ya jioni za kuonja yanayonifikia kwenye simu huwa ni picha za chupa tu. Wiski imesimamishwa juu ya pipa, mvinyo mwekundu unamiminwa, bia imevaa povu, na chini kabisa kwa maandishi madogo: "pamoja na vitafunio". Kwenye hilo neno vitafunio ndipo ninapoamua kama nitalipa kiingilio au nitabaki nyumbani. Napiga simu kuuliza ni vitafunio gani. Wakisema karanga na krispi, nawashukuru. Wakisema kuna mpishi na jiko la makaa, na kwamba kila glasi imepangiwa sahani yake, nauliza kama nafasi bado zipo.

Sisemi hivi kwa uroho. Nimehudhuria hafla hizi Westlands, Karen, Kilimani, hata kwenye roshani za marafiki South B, na naona kinachomfanya mtu aondoke na jambo la kukumbuka mara nyingi si bei ya chupa. Ni kile alichokuwa akitafuna glasi ilipomfikia. Wiski ya maelfu ikikutana mdomoni na pilipili kali inageuka moto mtupu. Bia ya kila siku ikikutana na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, inayotiririka mafuta inakuwa kinywaji kingine kabisa.

Lakini kabla ya sahani, tufanye hesabu kidogo, maana glasi za kuonja zinadanganya macho. Bia ya Tusker ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina mililita 21 za alkoholi halisi. Sasa chukua jioni ya kawaida ya kuchanganya: bia tatu za mililita 100 zenye asilimia 5, mvinyo aina tatu za mililita 75 zenye asilimia 13, na wiski tano za mililita 20 zenye asilimia 40. Jumla ni mililita 84 hivi. Hizo ni Tusker nne, na pengine umezimaliza kwa saa mbili huku ukijiambia kwamba ulikuwa unaonja tu. Ikitokea wiski moja ni ile iliyotiwa chupani bila kupunguzwa maji, yenye asilimia 58 au 60, hesabu inapanda tena.

Kwa hiyo gari libaki nyumbani, na si kwa sababu ya Alcoblow, kile kipimo cha pumzi cha polisi, peke yake. Kula chakula cha kweli kabla ya kutoka, kwa kuwa sahani za hafla hizi huwa na tonge mbili tatu. Na ukiona ndoo ya kutemea mezani, itumie. Hapa kwetu watu huona haya kutema kitu walichokilipia, lakini wanaoonja kwa kazi hutema siku nzima, na ndiyo sababu glasi ya mwisho bado wanaisikia.

Mpangilio nao una maana yake. Vinywaji vyote vitatu vikiwa jioni moja, bia nyepesi hutangulia, mvinyo mweupe unafuata, kisha mwekundu, na wiski mwishoni. Ndani ya wiski zenyewe, zenye moshi ziwe za mwisho kabisa. Wiski nyingi za kisiwa cha Islay huko Uskoti hutengenezwa kwa shayiri iliyokaushwa kwa moto wa mboji iliyochimbwa ardhini na kukaushwa (peat), na moshi wake ukishakaa ulimini, chochote kitakachofuata kitakuwa na ladha ya jikoni. Ukifika kwenye meza ambapo Laphroaig au Ardbeg inamiminwa kwanza, iombe ikae kando. Mwenye kumimina hatakasirika. Pengine atafurahi kwamba kuna mtu anayejua.

Marashi yaache nyumbani pia. Sehemu kubwa ya kuonja inafanywa na pua, na jirani yako hakulipa ili anuse udi wako.

Sasa chakula. Njia ninayoitumia ni rahisi: nywa kidogo, kula tonge, nywa tena. Mnywo wa kwanza unakuonyesha kinywaji kikiwa peke yake, wa pili unakuonyesha chakula kimekifanya nini. Watu wengi hula kwanza halafu wakanywa, kisha wakabishana kuhusu mvinyo ambao hawajauonja hata mara moja ukiwa safi. Mezani kwetu yapo mambo matano yanayobadilisha kinywaji, nayo ni chumvi, mafuta, uchachu, moshi na pilipili. Ukiyajua hayo, huhitaji kukariri orodha ya nani anaolewa na nani.

Anza na mbuzi choma. Mvinyo mwekundu mzito kama Cabernet Sauvignon una tanini nyingi, kile kinachokukausha mdomo kwa ukakasi kama umeuma ndizi mbichi. Tanini inashikana na protini zilizo kwenye mate, ndiyo maana mdomo unakauka. Ongeza kipande cha mbavu chenye mafuta na chumvi, tanini inapata protini na mafuta ya nyama ya kushughulika nayo, chumvi inapunguza uchungu, na mvinyo uliokuwa mkali unalainika. Mimi kwa choma napenda zaidi Pinotage ya Afrika Kusini, zabibu iliyozaliwa mwaka 1925 pale mtaalamu wa mizabibu Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsaut. Mara nyingi ina harufu fulani ya moshi ambayo makaa yanaipokea vizuri.

Halafu inakuja kachumbari, na hapo ndipo wataalamu wengi wanaoletwa kutoka nje hushindwa. Nyanya, kitunguu, ndimu: uchachu mtupu. Mvinyo usio na uchachu wa kutosha ukikutana nao unapooza, unakuwa kama maji ya zabibu. Kachumbari ikiwa nyingi, ondoka kwenye mwekundu uende kwa mweupe kama Chenin Blanc au Sauvignon Blanc, ambazo uchachu wake unaweza kusimama wima. Chenin Blanc hiyohiyo nimeiona ikifanya vizuri sana na samaki wa kupaka, kwa kuwa tui la nazi ni zito na linahitaji kitu cha kulikata. Ukibahatika kupata Leleshwa nyeupe, mvinyo wa zabibu za upande wa Naivasha, ijaribu na tilapia wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu.

Pilipili ni jambo jingine. Ukali wake unatokana na kapsaisini, ambayo huamsha neva zilezile zinazohisi joto, na alkoholi nayo inazichochea hizohizo. Ndiyo maana wiski ya asilimia 46 juu ya kuku wa pilipili haina ladha yoyote ila maumivu. Bia chungu za aina ya IPA nazo huongeza ukali, ingawa wenye viwanda vidogo vya bia hapa mjini hupenda kuzipanga na mabawa ya kuku yenye pilipili. Sijui nani aliwaambia. Kwa chakula kikali chukua laga nyepesi, yaani bia ya kawaida kama Tusker, au mvinyo mweupe wenye utamu kidogo. Na hapa niwatetee wapenzi wa mvinyo mtamu, wanaochekwa sana kwenye hafla hizi: mbele ya biriani iliyotiwa pilipili za kutosha, mvinyo mtamu uliopozwa vizuri unaishinda ile mikavu, isiyo na utamu, yenye majina marefu.

Sifa ya bia ni gesi. Vipovu vinasugua mafuta ulimini, na kila tonge linaanza upya. Bhajia za viazi, samosa, mutura, chochote kilichopita kwenye mafuta, kipe laga. Huwa nashangaa wanaotaka kuipa bhajia mvinyo ghali wakati jibu liko kwenye kreti. Mwenye kuongoza meza atakusimulia tena habari za George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda cha Tusker, aliyeuawa na ndovu mwaka 1923, na jinsi bia hiyo ilivyopata jina (tusker ni ndovu mwenye pembe). Hadithi nzuri. Msikilize huku ukitafuna.

Wiski na chakula ndiyo ndoa ngumu kuliko zote, kwa sababu ya ukali wa alkoholi yake, lakini ikikubali inakubali kweli. Nikiambiwa nichague moja tu, nitachagua mutura na wiski ya Islay. Mutura ina mafuta, chumvi, damu, na moshi wa makaa; wiski ina moshi wa namna nyingine na harufu ya bahari. Moshi mmoja unauelewa mwingine. Kipande kiwe kidogo, bila pilipili, na wiski iwe imetiwa matone ya maji. Wiski zilizokaa kwenye mapipa yaliyowahi kutumika kwa mvinyo wa sherry wa Uhispania, zenye harufu ya zabibu kavu na viungo, nazijaribu na pilau ya nyama, ile yenye mdalasini na karafuu za kusikika. Bourbon ya Marekani, ambayo lazima angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi na ikae kwenye mapipa mapya yaliyounguzwa ndani, ina harufu ya vanila na sukari ya kuungua. Ipe mahamri, au kaimati ambazo hazijazama kwenye shira. Bia nyeusi na chokoleti chungu nayo haijawahi kuniangusha.

Kuhusu maji kwenye wiski, usikubali mtu akuaibishe. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Uswidi, Karlsson na Friedman, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba wiski ikipunguzwa kwa maji, molekuli ya guaiakoli, moja ya zinazoleta harufu ya moshi, hukaa zaidi juu ya uso wa kinywaji. Juu ndiko iliko pua yako. Matone machache, unusa, unaonja, ukitaka unaongeza. Barafu ni jambo tofauti: ubaridi unafunga harufu. Siku ya joto nyumbani kwako weka barafu upendavyo, ila kwenye kuonja utakuwa umelipia harufu kisha ukaigandisha.

Joto la kinywaji, kwa jumla, linapuuzwa mno. Mvinyo mwekundu unatakiwa uwe kwenye nyuzi 16 hadi 18 hivi. Nairobi ya Julai, tunapotembea na majaketi, chupa iliyokaa kabatini iko sawa. Februari mchana, itie kwenye friji dakika ishirini kabla ya kuifungua, au uombe hivyo bila kuona aibu. Na bia? Sisi tuna lile swali ambalo mgeni yeyote hulishangaa, mhudumu anapoinama na kukuuliza, "Baridi ama moto, mkubwa?" Moto ni ile ambayo haikuingia kwenye friji. Wazee waliokuwa wakisema "moto" walichekwa sana na vijana wa friji, lakini bia nyeusi iliyozidi ubaridi hupoteza kahawa na chokoleti yake yote. Kwenye kuonja, iombe moto, au iache mezani mpaka glasi iache kutoka jasho. Laga ibaki baridi. Laga moto sina utetezi wake.

Kuna kinywaji ambacho waandaaji hawakileti, na mimi hulalamika kila nikipewa karatasi ya maoni: muratina. Asali, maji, na yale matunda marefu ya mti wa mwegea yaliyokaushwa ili kuanzisha uchachushaji. Ina utamu na uchachu kwa pamoja, ndivyo hasa mafuta ya mbuzi yanavyotaka, na watu wa Mlima Kenya waliyajua hayo kabla ya yeyote kuleta karatasi yenye gurudumu la harufu, ule mchoro wa duara unaoorodhesha harufu za vinywaji. Tukizungumzia hilo gurudumu: ukiambiwa utasikia maua ya heather, kile kichaka cha Uskoti, na matunda ambayo hujawahi kuyaona, usijitese. Andika unachokisikia wewe. Ukwaju, zambarau, ngozi ya ng'ombe, embe lililoiva kupita kiasi, chumba kilichofukizwa ubani. Mwaka ujao ni maneno yako yatakayokukumbusha kinywaji kile, si ya mwenye kipaza sauti.

Ukiona viingilio vimekuwa vikubwa, andaa nyumbani. Watu sita wanaoelewana, kila mmoja alete kitu kimoja mlichokubaliana, mwingine achome nyama, mwingine aje na maji mengi. Chupa tatu zinatosha. Zifunikeni kwa magazeti ili lebo isizungumze kabla ya ulimi, na mtacheka mtakapogundua ni ipi iliyokwisha kwanza.

Mwisho wa hafla huwa kuna meza ya kuuzia, na bei zilizoandikwa "za leo tu". Wakati huo una Tusker zako nne tumboni na kila kitu ni kitamu. Piga picha ya lebo, andika ulikula nini nacho, nenda ukalale. Kesho yake kama bado unakitaka, linganisha bei madukani, na kabla ya kulipa fungua programu ya Soma Label ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, uikague stempu ya ushuru iliyo kwenye chupa. Stempu ikikataa kusomeka, rudisha chupa rafuni, hata muuzaji akikuapia kwamba tatizo ni mtandao.