Wasomaji Wanauliza: Ndege Mbili Zikishuka Ubavu kwa Ubavu

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni msomaji wenu niko Minneapolis. Nilikuwa nasafiri kwenda San Francisco kwa kaka yangu, tumekaribia kutua nachungulia dirishani naona ndege nyingine iko pembeni yetu kabisa, yaani maandishi ya ubavuni nayasoma, na inashuka sawa na sisi. Niliogopa mno. Aliyekaa jirani yangu akasema hapa ni kawaida. Ni kawaida kweli? Na nani anazizuia zisigongane?

JIBU: Pole dada, na huyo jirani yako hakukudanganya. San Francisco wana ranwei mbili zimelala sambamba, moja wanaiita 28 kushoto na nyingine 28 kulia, ukipima kutoka katikati ya hii mpaka katikati ya ile ni futi 750 tu, kama mita 229 hivi. Kwa miaka mingi, hewa ikiwa safi, wamekuwa wakizishusha mbilimbili kwa utaratibu wa kutua kwa macho. Rubani anaambiwa mwenzako yuko pale upande wako wa kulia, unamuona? Akijibu namuona basi kuanzia hapo kazi ya kukaa mbali na mwenzake inakuwa yake yeye rubani, sio ya muongoza ndege tena. Hapo ndo abiria wengi hawajui, wanadhani kuna mtu chini anazishikilia zote mbili mpaka zinagusa lami.

Ila nikwambie kitu, pale ulipoogopa sio penye hatari kubwa. Ndege zikishanyooka kila moja kwenye mstari wake zinatulia, na rubani wa ndege kubwa anaweza kufuata ule mstari bila kuyumba sana. Hatari iko nyuma kidogo, pale ndege inapokata kona ya mwisho ili iingie kwenye mstari wa ranwei yake, manake akiingia na spidi kubwa au akichelewa kukata atapitiliza, kama bodaboda anayeingia kona kwa fujo anajikuta yuko upande wa pili wa barabara, na upande wa pili huku angani kuna mwenzake anakuja na watu wake.

Kwa hiyo sheria nyingi ziliwekwa kwa ajili ya ile kona. Mawingu yakiwepo na watu wanatua kwa vyombo, yaani wanafuata mitambo badala ya kutazama nje, zile ndege mbili haziruhusiwi kuingia kwenye mistari zikiwa zimekaribiana na ziko kimo kimoja, kwa kawaida moja inawekwa juu ya nyingine kwa futi 1,000 na inabaki hivo mpaka zote zimeshanyooka, halafu pembe ya kuingilia isizidi digrii 30 ili mtu asije amekata kwa ukali akapitiliza. Baada ya hapo, ranwei zikiwa na nafasi ya kutosha, katikati ya ile mistari miwili wanachora kwenye rada ukanda wa marufuku wenye upana wa futi 2,000, na kuna muongoza ndege ambaye kazi yake ni kukodolea macho huo ukanda tu basi. Ndege ikianza kuuelekea anairudisha, ikikaidi au ikashindwa anamtoa yule mwingine ambaye hana kosa lolote, anamwambia kata kona sasa hivi panda juu ondoka. Kwenye utaratibu mkali zaidi rubani anasikiliza redio mbili kwa pamoja ili ile amri isije ikakwama kwa sababu mtu mwingine anaongea, na kona hiyo anaikata kwa mkono, ile mitambo ya kujiendesha anaizima kwanza.

Sasa rudi San Francisco. Futi 750 haziwezi hata kubeba huo ukanda wa futi 2,000. Walichofanya kwa siku za mawingu ni kuileta ya 28 kushoto ikiwa imenyooka, na ya 28 kulia inakuja kwa mshazari wa digrii kama 3 huku imebaki nyuma kidogo, ikitokeza chini ya mawingu rubani lazima amuone mwenzake ndo ajisogeze kwenye ranwei yake. Asipomuona anapanda anaondoka. Na mawingu yakiwa chini zaidi ya hapo hata hiyo haiwezekani, wanashusha kwa foleni moja, idadi ya ndege kwa saa inashuka karibu nusu na ndo maana ndege za kwenda kule huwa zinachelewa sana siku za ukungu. Mi naona ni sawa kabisa zichelewe.

SWALI: Kaka, mimi ni mpenzi wa mambo ya ndege, Mombasa. Si ndege zina mashine ya TCAS zinaongea zenyewe kwa zenyewe angani? Kama ipo basi hatari inatoka wapi? Na je imewahi kutokea kweli zikagongana zikiwa zinatua ranwei za sambamba?

JIBU: TCAS, ile mashine ya kuzuia ndege zisigongane angani, ipo na imeokoa watu wengi, inamwambia huyu panda na yule shuka, na dunia ilijifunza kwa uchungu kwamba ikisema lazima umsikilize yeye. Tarehe 1 Julai 2002 juu ya Überlingen, Ujerumani, mashine ilimwambia rubani wa ndege ya abiria ya Tupolev panda, muongoza ndege akamwambia shuka, akashuka, na ile Boeing ya mizigo ya DHL nayo mashine yake ilishaiambia shuka. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto. Lakini ndugu yangu, ukikaribia ardhi ile mashine inanyamazishwa makusudi, chini ya kama futi 1,000 haitoi tena amri za kupanda na kushuka, maana haiwezi kumwambia mtu shuka wakati chini kuna nyumba. Na ndege ndogo nyingi hawana kabisa.

Kuhusu kugongana, ndiyo, imetokea. Tarehe 12 Mei 2021 uwanja wa Centennial karibu na Denver, ndege ndogo ya Cirrus yenye watu wawili ilikuwa inaenda kutua 17 kulia, na Metroliner ya mizigo yenye rubani peke yake inakuja imenyooka 17 kushoto. Cirrus ikaingia kona ya mwisho ikapitiliza mstari wake ikaivaa Metroliner kwa ubavu. Ile Metroliner ilipasuka juu mgongoni pengo kubwa mpaka unaona ndani, na rubani hakujua, alidhani injini ya kulia imekufa, akaendelea akatua salama. Wale wa Cirrus wakavuta parashuti ya ndege nzima wakashuka nayo taratibu. Hakuna aliyeumia hata mmoja, Mungu mkubwa.

Ninachotaka ukione ni kile wachunguzi wa NTSB, shirika la Marekani la kuchunguza ajali, walichoandika. Kosa kuu walimpa rubani wa Cirrus kwa kupitiliza mstari, lakini wakasema pia kwamba rubani wa Metroliner hakuambiwa habari za Cirrus. Waongoza ndege walikuwa wawili, kila mmoja na ranwei yake na masafa yake ya redio, kwa hiyo rubani wa Metroliner hakusikia chochote kilichokuwa kinasemwa upande wa kulia. Mtu yuko peke yake ndani ya ndege, amenyooka, hana kosa, na kuna ndege inamjia kutoka ubavuni na hajaambiwa kama ipo! Hili ndo linaniuma kuliko yote kwenye habari hizi, kwa sababu ni sentensi moja tu ya redio. Mwaka uliofuata, 17 Julai 2022, uwanja wa North Las Vegas, ndege ndogo ya Piper iliyoruhusiwa kutua 30 kushoto ikaja kujipanga na 30 kulia ambako kulikuwa na ndege ndogo nyingine, Cessna, inatua. Wanne wakafa, hakukuwa na muujiza mara hii.

SWALI: Salaam kutoka Doha. Hapa naona zinatua mbili kwa pamoja. Tuogope? Na nyumbani je?

JIBU: Hapana, hapo uwanja wa Hamad ranwei zenu zimeachana kilomita 2, ni uwanja uliojengwa ukijua kazi yake, kiwango cha kimataifa cha kutua mbilimbili bila kutegemeana kinaanzia mita 1,035 kwahiyo mna nafasi karibu mara mbili. Nyumbani jambo hili halipo kwa sasa, Nairobi JKIA wana ranwei moja na Dar zile mbili zinakatana, hazikwenda sambamba.

SWALI: Rubani akiona hajaridhika anaweza kukataa kutua kwa macho?

JIBU: Anaweza, na ni haki yake. Oktoba 2023 ndege ya Lufthansa ilitoka Munich ikafika San Francisco usiku, rubani akasema kampuni yetu haituruhusu usiku kukaa mbali na ndege nyingine kwa kutegemea macho, naomba nitue kwa vyombo. Ikabidi asubiri, maana kumtengea nafasi kunavunja ile foleni ya mbilimbili, wakavutana kwenye redio, mwisho akaenda kutua Oakland ng'ambo ya ghuba na baadaye ndo ikarudi San Francisco. Kuna watu walimsema sana kwamba kasumbua uwanja mzima. Mi niko upande wake asilimia mia. Alikuwa katoka safari ndefu ya kuvuka bahari, ni usiku, taa za mji mzima ziko chini yake, halafu aambiwe atafute taa za ndege moja kati ya hizo zote aseme namuona. Kama huna uhakika usiseme, na alichofanya ndo hicho.