Shangazi, kuitwa "Beijing" ni tusi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Ninaanika dagaa Kibirizi, Kigoma, na nimo kwenye kikoba cha watu 22, wanawake kwa wanaume. Juzi wakati wa mbalamwezi, mitumbwi imelala na chanja ziko tupu, niliomba tusomewe daftari la michango. Mwenyekiti akasema, "Binti, usituletee Beijing hapa." Watu wakacheka, daftari halikufunguliwa. Nimezaliwa 2001. Hiyo Beijing ni nini?
Binti wa Kibirizi

JIBU: Marahaba mwanangu. Septemba 1995 Umoja wa Mataifa ulifanya Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake mjini Beijing, China. Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu, Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe. Mimi nilikuwa mwalimu hapa Tabora. Tuliizunguka redio ya betri ofisini, na jina la Mongella liliposomwa, mwalimu mmoja mtu mzima alisimama wima. Maazimio yaligusa maeneo 12, yakiwemo elimu, afya, umaskini na ukatili dhidi ya wanawake.

Haikuchukua muda neno likachafuka. Mke akichelewa kurudi sokoni, "kaenda Beijing." Binti akikataa posa, "Beijing hiyo." Mimi nilipotaka jina langu liandikwe pamoja na la mume wangu kwenye karatasi za kiwanja, karani aliweka kalamu chini, akaniuliza kama nimetumwa na Beijing. Naiona kalamu ile mpaka leo, ya bluu, kifuniko kimetafunwa. Kiwanja tulikinunua kwa mishahara yetu wawili! Nilirudi nyumbani bila jina langu, na nililia njia nzima.

Ajabu ni kwamba Mongella huitwa Mama Beijing kwa heshima. Neno ni lilelile, ila akibandikwa muuza dagaa linageuka kejeli. Wengi waliolirusha hawakusoma hata ukurasa mmoja wa maazimio. Jina la mji wa mbali liliwatosha kuonyesha kwamba dai lako ni la kuletewa, halikuota hapa. Na sisi tuliokwenda semina tuna lawama yetu: tulirudi na makabrasha, tukayafungia kabatini, hatukukaa na baba zetu na waume zetu kuwaeleza kilichoandikwa. Walichokisikia ni cha vijiweni.

Wenzetu Uingereza yaliwakuta. Mwaka 1906 gazeti la Daily Mail liliwaita wanawake waliodai kura "suffragette", kwa kuwadharau. Wakalichukua jina hilohilo, na 1912 wakaliweka juu ya gazeti lao.

Kwa hiyo kikao kijacho usibishane naye kuhusu Beijing. Mkibishana hilo, jua litazama daftari likiwa kwapani mwake. Mwambie kwa adabu, "Sawa baba, niite hivyo. Naomba tusomewe daftari." Kabla ya hapo zungumza na wanachama wawili, mmoja awe mwanamume, wadai jambo hilohilo baada yako. Yeye hataitwa Beijing. Na beba kumbukumbu zako za kila ulichotoa, tarehe na kiasi, hata kama umeandika nyuma ya daftari la mtoto.

Likishasomwa, niandikie. Nataka kujua hesabu zilikaaje.