Fimbo za kuanzia gofu

Ndugu yangu, kwa kuwa umeuliza kama ununue seti kamili kabla hujaanza kucheza hapa Malindi, ningekushauri usifanye haraka. Kanuni za gofu zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14, lakini huo ni ukomo wala si sharti, na anayeanza hutosheka na 6 au 7. Ile ndefu ya mpigo wa kwanza iache kwanza, kwa sababu uso wake umesimama mno na kosa dogo la mkono huupeleka mpira vichakani. Fimbo ya chuma namba 7 ndiyo itakayokufunza, na kichwa chake kiwe kipana chenye uzito uliosambazwa pembeni, ili hata mpira usipogongwa katikati uende mbele.

Kishikio nacho ukipime mwenyewe. Kama unatumia mkono wa kulia, kikamate kwa mkono wa kushoto, kisha utazame vidole viwili vya kati: ncha zake ziguse kiganja kidogo tu, kwani zikichimba nyama kishikio ni chembamba, na zisipofika ni kinene.

Fimbo zilizotumika ni nafuu na zinafaa sana, ila kwetu pwani hewa ya chumvi haina huruma. Kagua pale mpini unapoingia kwenye kichwa, na ukiona kutu iliyokwisha kumega chuma, au kichwa kikicheza unapokizungusha, usiinunue hata ukipunguziwa bei.