Tumlipe dalali atutafutie mfadhili wa klabu ya mikoko?

SWALI: Nafundisha shule ya msingi ya pwani, Kwale. Klabu yetu ya mazingira haina fedha. Kuna mtu anadai shilingi 20,000 atuandikie andiko la kuomba ufadhili, kisha atupatie mfadhili wa miche 5,000 ya mikoko. Tumlipe?

JIBU: Msimlipe, mwalimu. Maandiko ya hawa watu nayajua: hubadilishwa jina la shule tu. Niliwahi kusoma la shule ya ufuoni lililoahidi kupanda misonobari!

Lakini linaloniuma zaidi ni hiyo miche. Nani alisema kupanda miti ndiyo elimu ya msitu? Watoto huchimba asubuhi moja, wakapigwa picha, kisha mkoko uliochomekwa mahali pa mlilana, aina nyingine ya mti wa mikoko, ukasombwa na mawimbi. Mlilana husimama mbele kabisa, ukiikabili bahari. Mchu, aina nyingine tena, huvumilia chumvi hata kule juu ambako maji hufika siku za bamvua tu, bahari inapojaa sana. Mtoto anayejua hayo, na anayejua babu yake alijengea boriti za mti gani, huyo amefundishwa. Kwa somo hilo mnahitaji mzee wa kijiji anayeujua msitu, ratiba ya maji na daftari.

Gazi hapo jirani, watafiti na wanakijiji walishirikiana miaka mingi kabla ya Mikoko Pamoja kuanza mwaka 2013, mradi wa kijiji wa kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko. Ni hekta 117 tu, na mapato yamenunua vitabu vya shule na kuleta maji. Kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, nako, tangu 2001 mradi wa ASSETS huwalipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazopakana na msitu, na sehemu ya fedha hutoka kwa watalii wa hori ya Mida iliyo karibu. Kote huko ushirikiano na jamii ndio uliobeba kazi.

Kwa hiyo anzeni na CFA yenu, kile chama cha jamii cha kutunza msitu kinachotambuliwa na sheria ya misitu ya 2016, pamoja na ofisi ya misitu iliyo karibu. Ombi lenu likipitia huko, mfadhili ataona watu watakaobaki baada yake.

Na tahadharini na wanaokuja na mikataba ya hewa ya ukaa, wakitaka sahihi ya mwenyekiti peke yake, leo leo. Shule zisikubali kuwa mlango wao wa kuingilia kijijini. Mkataba wa namna hiyo usomwe wote barazani, kwa Kiswahili au Kidigo, na nakala ibaki kijijini kabla mtu hajashika kalamu.