Kiungo aliyecheza Ulaya miaka 12: pesa zilikwenda wapi?

Wazee wangu wa Ngamiani na Makorora, mama zangu, na wadogo zangu mnaofanya mazoezi Mkwakwani, wakubwa shikamooni. Swali lenu limenifika. Mnasema kijana wa Tanga aliyecheza kiungo huku miaka 12 amestaafu na kurudi, hana nyumba Raskazone wala gari la maana, na barazani watu wameshahukumu kwamba pesa kazila. Mnauliza ukweli uko wapi, na kama mdogo wake mwenye miaka 16 apelekwe kwa wakala aliyejitokeza. Nitasema mambo yalivyo huku, na yapo yatakayowauma.

Kwanza, "kucheza Ulaya" si jambo moja. Mkilisikia neno hilo mnamwona Mbwana Samatta, aliyetoka TP Mazembe kwenda Genk Januari 2016 na kufika Aston Villa 2020. Kwa viungo mnawaona wale ndugu wawili wa Kenya: McDonald Mariga aliyepitia Sweden, akaenda Parma 2007 na Inter 2010, na Victor Wanyama aliyetoka Celtic kwenda Southampton 2013. Au kijana wetu Novatus Dismas, aliyetoka Azam, akapitia Israel na Ubelgiji, akaicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa Shakhtar ya Ukraine. Hao wanahesabika. Wengi wanaotoka kwetu wako daraja la pili na la tatu, kwenye miji midogo, na zipo klabu zinazotoa chumba, chakula na posho tu.

Sasa hesabu. Tuseme kiungo kapata mkataba mzuri wa daraja la pili, euro 3,000 kwa mwezi. Huko nyumbani mnazidisha kwa 12, kisha mnazidisha tena kwa miaka 12, na barazani anakuwa tajiri. Lakini 3,000 hiyo ni kabla ya makato. Kodi na michango ikichukua 900, zinabaki 2,100. Wakala wake akikata 5% ya mshahara mzima, hiyo ni 150, zinabaki 1,950. Kodi ya nyumba pamoja na umeme na joto la ndani 700. Chakula 300. Usafiri, simu na bima 150. Akituma nyumbani 400, mkononi anabaki na 400. Na hapo hajanunua koti la baridi, hajakata tiketi ya kuja likizo, hajaoa.

Kinachowaponyoka wengi ni miezi isiyo na mkataba. Mikataba mingi inakwisha Juni 30, au mwisho wa mwaka kwa nchi zinazocheza kwa mwaka wa kalenda kama Sweden. Klabu mpya inaweza kusaini wiki sita au nane baadaye. Katika miezi hiyo miwili hakuna mshahara, ila kodi ya nyumba ipo, tumbo lipo, na nyumbani mnatarajia zenu: 1,550 kila mwezi, jumla 3,100. Miezi 10 aliyolipwa aliweka 4,000. Mwaka unafungwa akiwa na euro 900. Rudieni hesabu hiyo kabla hamjasema kala pesa.

Kwa kiungo, kukosa timu ni jambo la karibu sana. Mshambuliaji ana magoli, yanasomeka hata na mtu ambaye hajamwona. Kazi ya kiungo haionekani kwenye karatasi. Kocha akibadilika na mfumo unabadilika: namba 6, kiungo wa kukaba, aliyekuwa nguzo anakuta kocha mpya anacheza na viungo wawili wanaopanda na kushuka, naye si mtu wa mbio hizo, basi anakaa benchi. Akikaa benchi nusu msimu, mkataba unaofuata unashuka bei au haupo kabisa.

Mwili nao. Kiungo anakimbia kilomita 10 hadi 12 katika mechi, na huku wanazipima kwa kifaa kinachovaliwa mgongoni ndani ya fulana. Kipimo cha pumzi kinachotumika sana kinaitwa Yo-Yo: unakimbia mita 20 kwenda na 20 kurudi kwa mlio wa kifaa, unapata sekunde 10 za kuvuta pumzi, mlio unaita tena, na kila hatua kasi inapanda mpaka ushindwe kufika mara mbili. Kijana aliyezoea kucheza kwa akili, akipumzika mpira ukiwa upande wa pili, hapa ndipo anapoumbuka. Hana upungufu wa kipaji, hakuandaliwa.

Halafu uwanja. Nchi za kaskazini zinacheza sana kwenye nyasi bandia. Kiatu cha njumu ndefu za kufungwa kwa skrubu, kile cha tope, kinang'ang'ania nyasi hizo. Mguu unabaki chini, mwili unageuka, goti linasokoteka. Nyasi bandia zinataka njumu fupi na nyingi. Kano ya mbele ya goti ikikatika ni upasuaji na miezi 9 nje, wakati mwingine zaidi. Kwa mtu mwenye mkataba wa mwaka mmoja, huo ndio mwaka wenyewe. Baridi pia inachosha misuli ya nyuma ya paja kwa asiyejua kupasha moto mwili kwa dakika 25 kamili, na majira ya giza vitamini D inashuka, zaidi kwa sisi wenye ngozi nyeusi. Klabu makini inampima damu na kumpa vidonge. Klabu ndogo haina habari.

Wengi hufika na kosa la kalenda. Anatua Sweden Januari, katikati ya msimu wetu, anakuta maandalizi ya theluji hadi ligi ianze karibu na Aprili. Miezi hiyo mtu wa pwani anaugulia moyoni, na ndiyo hiyo kocha anaitumia kuamua nani aanze.

Jambo ambalo sijaona likisemwa Tanga ni kibali cha ukaazi. Kibali cha mchezaji kinafuata mkataba. Mkataba ukikatika, kibali kinaanza kuyeyuka, na bima ya afya ya klabu inakwisha nacho. Nchi nyingi za Umoja wa Ulaya zinafungua mlango wa ukaazi wa muda mrefu baada ya miaka 5 mfululizo ya kukaa kihalali katika nchi hiyo moja. Kiungo wetu kacheza miaka miwili hapa, mmoja pale, mitatu kwingine. Kila akivuka mpaka, kwa kawaida hesabu inaanza upya. Kwa hiyo mtu anaweza kumaliza miaka 12 Ulaya akaambiwa aondoke ndani ya muda mfupi, goti likiwa bado linahitaji daktari. Kama kuna ofa mbili zinazokaribiana, ile ya kubaki nchi ileile ina thamani ambayo haimo kwenye mshahara.

Zipo pia pesa ambazo wastaafu wanaziacha bila kujua. Uholanzi kuna mfuko wa wachezaji wenye mikataba, sehemu ya mapato inawekwa humo na hulipwa kidogokidogo mchezaji akiacha soka. Ujerumani, raia wa nje ya Umoja wa Ulaya aliyechangia pensheni chini ya miaka 5 anaweza kuomba mchango wake mwenyewe urudishwe, miezi 24 baada ya kuondoka. Kama huyo ndugu yetu alipita huko, akatafute namba yake ya bima ya jamii na karatasi za mshahara leo hii.

Na mshahara usipolipwa? Hutokea, tena sana. Kanuni za FIFA zinasema klabu ikishikilia mishahara miwili ya mwezi bila haki, mchezaji aiandikie barua ya kudai na kuipa angalau siku 15. Zikipita bila kulipwa, ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Madai yanapelekwa kwenye chumba cha usuluhishi cha FIFA, mchezaji halipii gharama za kesi, ila ni lazima yafike ndani ya miaka 2. Wengi wanapoteza kwa sababu waliondoka kwa hasira bila barua, au nakala ya mkataba anayo wakala tu. Kila mchezaji awe na mkataba uliosainiwa kurasa zote, taarifa za benki, na barua pepe kwenye simu na kwa mtu mmoja anayemwamini nyumbani.

Sasa sisi wa nyumbani, na hapa nasema kwa heshima. Nyumba nyingi za wachezaji zimekwama kwenye lenta kwa sababu pesa zilitumwa kwa mkupuo, kiwanja kikanunuliwa kwa jina la mjomba, na fundi akalipwa kabla ya kazi. Kiwanja kiandikwe jina lake, na upimaji uthibitishwe ofisi ya ardhi kabla ya kulipa. Fundi alipwe kwa hatua: msingi ukikamilika, kuta, lenta, kisha bati. Picha ya kila hatua, na risiti za saruji na nondo. Na ile 400 ya kila mwezi isigeuke deni kwake. Harusi, msiba, ada za watoto wa shangazi, vyote vikimwangukia mtu mmoja mwenye kazi ya miaka 10, hakuna mshahara wa daraja la pili unaovibeba.

Nije kwa mdogo mtu. Ana miaka 16. Kanuni za FIFA zinazuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa chini ya miaka 18, isipokuwa kwa mambo machache kama wazazi kuhamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira. Ruhusa ya miaka 16 hadi 18 ipo kwa uhamisho ndani ya Umoja wa Ulaya na eneo lake la kiuchumi, haimhusu mtoto wa Tanga. Wakala anayesema atamsajili Ulaya mwaka huu anadanganya, au anapanga kumpeleka kwa viza ya utalii na kumwacha. Msimpe hata shilingi. Klabu ya kweli haiwaombi wazazi pesa ya majaribio. Barua ya mwaliko ikija, ipigieni klabu kwa namba mliyoitafuta wenyewe, si ile iliyo kwenye barua.

Akifika 18, wakala awe na leseni ya FIFA. Jina lake linatafutwa kwenye tovuti yao. Mkataba wa uwakilishi usizidi miaka 2. Kanuni za 2023 ziliweka ukomo wa ada, 5% kwa mapato yasiyozidi dola 200,000 kwa mwaka, lakini utekelezaji wake ulisimamishwa mwishoni mwa mwaka huo kwa sababu ya kesi mahakamani. Andikeni asilimia kwenye mkataba wenu wenyewe. Akitajiwa Uholanzi kwa mshahara mdogo, mjue ni uongo: huko mchezaji wa nje ya Umoja wa Ulaya mwenye miaka 20 na zaidi lazima alipwe angalau 150% ya wastani wa mshahara wa Eredivisie, ligi kuu yao, na wa miaka 18 na 19 nusu ya kima hicho. Uingereza tangu Januari 2021 wanatumia alama kumpa mchezaji wa nje kibali, na nyingi zinatokana na mechi za timu ya taifa na uzito wa ligi unayotoka. Njia inayofanya kazi kwa kiungo wetu ni kucheza Ligi Kuu kwanza, aitwe Taifa Stars, kisha ndipo atoke. Himid Mao alitoka Azam kwenda Misri 2018 kwa njia hiyohiyo, na Misri kuna mishahara inayozidi madaraja mengi ya chini ya Ulaya.

Miaka hii miwili aitumie kwa mambo mawili. Karatasi: tarehe ya kuzaliwa ilingane kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, pasipoti na usajili wa TFF, shirikisho letu la soka, kwa sababu siku moja ikitofautiana uhamisho unakwama dirisha la usajili likifungwa. Na video: mechi tatu kamili za dakika 90, kamera ikiwa juu jukwaani, namba ya jezi ikionekana. Anayetafuta kiungo haangalii chenga za dakika tatu zilizowekewa muziki. Anaangalia kama kijana anageuza shingo kutazama nyuma kabla mpira haujamfikia, kama anaupokea mwili ukiwa umeshageuka nusu, na anafanya nini sekunde tano baada ya kuupoteza.

La mwisho ni la viongozi wa timu za mitaani, na Coastal Union na African Sports pia. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine mkataba wake ukiwa hai, 5% ya dau inagawiwa klabu zilizomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi 23. Kwa dau la euro milioni 1, msimu mmoja wa miaka 12 hadi 15 ni euro 2,500, na kila msimu kuanzia miaka 16 ni 5,000. Tangu Novemba 2022 malipo hayo yanapita kwenye mfumo maalumu wa FIFA unaosoma usajili wa kielektroniki. Timu iliyomlea mtoto kwenye daftari tu haimo humo. Huyo wa miaka 16 asajiliwe TFF kwa jina la timu anayoichezea sasa, kabla dirisha la usajili halijafungwa.