Gari la umeme likiungua kwenye chaji: ninavyosoma tamko la kampuni

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba shemeji yako aliyeko Ohio amepokea barua kutoka kwa kampuni iliyotengeneza gari lake la umeme, ikimtaka asichaji kupita asilimia 80 na alilaze gari nje hadi atakapoarifiwa tena, nawe unauliza kama kampuni inaficha jambo na kama ni heri aliuze. Mimi ni fundi umeme hapa Michigan, na tangu 2017 sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kufunga chaja za magari majumbani, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona na kwa yale yaliyo katika kumbukumbu za umma.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo habari nyingi huyachanganya. Kuna moto unaoanzia ukutani na kuna moto unaoanzia ndani ya betri. Wa ukutani naujua kwa mikono yangu. Majira ya baridi ya 2019 nilishuka alfajiri nikakuta banda la gari langu linanuka plastiki iliyoungua. Soketi ya volti 240 niliyokuwa nikiitumia ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, na plagi imeganda humo, kwa sababu skrubu iliyobana waya ilikuwa imelegea kidogo tu. Kulegea kwa kiasi hicho kusingedhuru jiko linalotumika nusu saa, lakini chaja ya gari huvuta ampea 32 au 40 kwa saa nane mfululizo, usiku baada ya usiku, na palipolegea pakawa panazidi kupata joto. Gari halikuwa na kosa lolote.

Tesla, kampuni ya magari ya umeme ya Marekani, ilikumbana na jambo la aina hii baada ya moto katika banda la gari huko Irvine, California, Novemba 2013. Ilisema chanzo hakikuwa gari, lakini Desemba 2013 ilituma programu ya kupunguza mkondo pale umeme unapoyumba, na Januari 2014 ikatangaza kuwapa wateja adapta mpya zenye fyuzi inayokata joto likizidi. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ililiandikisha jambo hilo kuwa ni wito wa kurudisha magari ili yarekebishwe, na Elon Musk, mkuu wa Tesla, akalipinga neno hilo hadharani kwa kuwa hakuna gari lililorudi kiwandani. Mimi ubishi ule wa maneno sikuuona na maana. Lililonigusa ni kwamba mwenye gari alipewa kitu cha kushika mkononi kinachopunguza hatari usiku uleule, hata kabla lawama haijapata mwenyewe.

Moto wa betri ni habari nyingine, na barua ya shemeji yako inanusa huko. Betri ya gari imeundwa kwa seli nyingi, yaani betri ndogondogo zilizounganishwa; moja ikipata shoti ndani yake, joto huiambukiza seli ya jirani, na jirani huambukiza wa pili, hadi betri nzima iwake. Seli iliyojaa ina nishati kubwa zaidi ya kulisha moto huo, ndiyo maana kampuni isiyoziamini tena seli zake huanza kwa kupunguza kiwango cha kuchaji.

Tazama gari la umeme la Hyundai Kona. Oktoba 2020 magari zaidi ya 25,000 yaliitwa yarekebishwe huko Korea Kusini, dawa kuu ikiwa ni kusasisha programu. Januari 2021 gari lililokwisha kusasishwa likaungua likiwa kwenye chaji mjini Daegu. Mwezi uliofuata Hyundai ikatangaza kubadilisha betri za magari takriban 82,000 duniani, kwa gharama ya won trilioni moja hivi. Wakati huohuo LG, iliyotengeneza seli, ilikuwa ikijibizana na uchunguzi hadharani, ikisema majaribio ya kurudia kasoro iliyotajwa na uchunguzi huo hayakuzaa moto. Nadhani huo ndio usemi unaomwumiza mwenye gari kuliko kimya, kwa sababu unamweka katikati ya makampuni mawili yanayorushiana mpira huku gari limelala chini ya chumba cha watoto wake.

Kampuni ya General Motors na gari lake la umeme, Chevrolet Bolt, walipita njia ileile. Novemba 2020 waliita magari karibu 69,000 na kuwaambia wenye magari wasichaji kupita asilimia 90. Programu mpya ikatolewa 2021, na magari yaliyokwisha kuwekewa yakaungua. Agosti mwaka huo Bolt zote zikaitwa, zaidi ya 140,000, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa dola bilioni 1.8, ambayo LG baadaye ilikubali kubeba sehemu kubwa. Chanzo kilichotajwa ni kasoro mbili kukutana katika seli moja: kipande cha anodi (upande hasi wa seli) kilichochanika, na utando wa kutenganisha pande mbili za seli uliokunjika. Ushauri ulikuwa mkali: chaji mwisho asilimia 90, usiishushe betri mno, gari lilale nje, tena baadaye wakaongeza kwamba mwenye wasiwasi aegeshe mita 15 mbali na magari mengine. Watu waliucheka ushauri huo, na kweli anayeishi katika jengo la ghorofa hana pa kuutekeleza. Hata hivyo nawapa haki yao, kwa kuwa walikuwa wamechelewa, lakini hatimaye walitaja hatari kwa jina lake na wakasema la kufanya. Mwaka ule niliitwa na wateja kadhaa kuhamisha chaja kutoka ndani ya banda hadi ukuta wa nje, nami nilifanya kazi hiyo bila kumwambia hata mmoja kwamba anaogopa bure.

Kuna jibu jingine ambalo makampuni hulipenda, na Musk alilitumia 2013 baada ya gari la Tesla aina ya Model S kugonga chuma na kuwaka moto karibu na Seattle: kwamba magari ya petroli huungua mara nyingi zaidi. Sina haja ya kulibishia. Lakini linazungumzia magari yote kwa jumla, wakati shemeji yako analo moja, lenye seli za kundi fulani la kiwandani.

Kwa hiyo simwoni kama mtu wa kuuza gari leo. Aingize namba ya chasisi kwenye tovuti ya NHTSA, asome waraka ambao kampuni iliuwasilisha huko, kwa sababu aghalabu unaeleza kasoro kwa uwazi kuliko taarifa kwa vyombo vya habari. Afuate asilimia 80, gari lilale nje, na aiguse plagi baada ya saa moja ya kuchaji aone kama imepata joto kali. Barua ya pili ikifika, atazame inaahidi nini. Ikitaja kubadilisha betri, awahi kupanga tarehe. Ikitaja programu peke yake, aipokee, ila gari liendelee kulala nje.